Mpanda farasi wa ridhaa: ridhaa ya nani?

Nyie mnaonitumia meseji mnataka kuanza kupanda farasi wa mbio za kuruka viunzi huku Uingereza, karibu wote mnaanza na helmeti bei gani, tandiko linapatikana wapi. Hayo yapo. Mi nauliza nyumbani wanasemaje? Sisi tusiolipwa Kiswahili kinatuita wapandaji wa ridhaa, na miaka yangu miwili ya kwanza nilidhani ridhaa inayotakiwa ni yangu tu.

Hela hakuna, hilo mlijue mapema. Joki wa kulipwa ana malipo yake kila akipanda, wewe wa ridhaa huna, kwa hiyo lazima uwe na kazi nyingine. Mimi niko nyumba ya wazee, shifti za usiku, nikitoka asubuhi napitia bandani kwa bosi mwenye farasi, nazoa samadi, nasugua kwato, ndo napewa mmoja wa kufanyia mazoezi. Mtoto anapelekwa shule na mume wangu. Zile suruali nyeupe zikirudi na tope nani azifue, hapo bado tunagombana.

Msijinyime kula sana, uzito wetu sio kama wa mbio za tambarare zisizo na viunzi, farasi mara nyingi anabeba kilo 70 na zaidi ukijumlisha na tandiko. Ugali upo.

Sasa kosa langu. Jumanne moja mazoezini farasi alikwaa kiunzi, nikaruka mimi yeye akabaki. Siku ya mbio kuna daktari uwanjani, akiona umegonga kichwa anakusimamisha, huna ubishi. Siku ile hakukuwa na daktari, nikajipangusa, nikaenda nyumbani kimya. Jioni nikatia chumvi kwenye chai, nikamwaga, nikatia chumvi tena. Halafu nikamuuliza mume wangu mtoto kala, na mtoto yuko mbele yangu kijiko mdomoni. Yule bwana hakusema kitu, alichukua ufunguo wa gari tu. Hospitali wakasema ubongo umetikisika. Siku tatu hakuniongelesha, na sio kwa sababu nimeanguka, ni kwa sababu nilificha. Mama yangu Moshi ndo alinimaliza kwenye simu: we unapanda kitu hakina breki halafu unaweka siri?

Tangu hapo nawaangalia waliofika juu kwa jicho lingine. Sam Waley-Cohen, wa ridhaa kama sisi, alikuwa na biashara yake ya kliniki za meno, ila mwaka 2011 akashinda Gold Cup ya Cheltenham, moja ya mbio kubwa za viunzi huku, na farasi Long Run, halafu tarehe 9 Aprili 2022 akachukua Grand National, mbio nyingine kubwa, pale Aintree na Noble Yeats, farasi ambaye kwenye kamari ukiweka moja unapata hamsini, na alishasema kabla kwamba hiyo ndo mbio yake ya mwisho. Maili 4 na ushee, viunzi 30! Farasi wote wawili walikuwa wa baba yake, na kwenye tandiko kulikuwa na herufi za jina la mdogo wake Sam, Thomas, aliyekufa kwa kansa mwaka 2004. Mwaka 2025 Patrick Mullins, naye wa ridhaa, akashinda Grand National hiyohiyo na farasi Nick Rockett, kocha ni baba yake, Willie, na mzee alilia mbele ya kamera. Watu wanasema hao wana pesa. Ndio wanazo, sibishi, ila pesa haimzuii baba kuogopa.

Kwa hiyo kaeni chini na wenu kabla hamjanunua hata buti. Mkubaliane nani ana haki ya kusema leo hupandi, na akisema usinune. Kwangu ni mume, nilimpa haki hiyo, keshaitumia mara mbili, mara moja alinionea kabisa.

Siku za mbio anakuja, ila haangalii. Anasimama pembeni ya gari kageukia ua wa miti, anasikiliza spika tu, wakitaja farasi aliyeanguka anaona kama wangu. Nikimaliza nafasi za juu siwezi kumkimbilia, lazima nikapimwe uzito kwanza, basi nikipita karibu na kamba nainua fimbo ajue niko mzima. Yeye bado kanipa mgongo. Binti yetu ndo anamvuta koti.