Dada wa Southampton, huo mkeka usitandike kwenye yale maua

Dada subiri kwanza, mkeka hapana. Umeandika Jumapili mnaenda Arne, wewe na shem na watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga, watoto watavaa kaptula maana joto limekolea, mtatafuta sehemu yenye yale maua ya zambarau mtandike mkeka mpige picha halafu mchome mishkaki kwenye jiko la kutupa, yale ya mkaa ya kutumia mara moja, na ukauliza kigari cha mtoto kinapita njia ipi, nyoka wapo au hawapo, parking ikoje, na mama mkwe mwenye magoti atembee wapi. Sawa. Chini yake kuna mtu kakujibu "nendeni tu, Ulaya hakuna wadudu". Hilo jibu ndo limenitoa usingizini aisee, maana ndo lilelile tulilopewa sisi, karibu neno kwa neno, na aliyetupa hakulipa hata senti.

Arne kwenyewe ni pazuri sikukatazi. Ni hifadhi ya RSPB, shirika la kulinda ndege wa porini, ipo Dorset kusini mwa Uingereza, pembeni ya bandari ya Poole karibu na Wareham, na tangu 2020 imeunganishwa na majirani zake kuwa hifadhi moja kubwa ya taifa, Purbeck Heaths, hekta 3,331. Ardhi yake ni mchanga mchanga usio na rutuba, watu wa kale walikata miti wakachunga mifugo maelfu ya miaka, miti haikurudi, vikabaki vichaka vifupi ambavyo Waingereza wanaviita heather, na Agosti vyote vinachanua zambarau mpaka unapoona maji ya bandari. Watoto wanapenda kwa sababu kuna kulungu wa aina ya sika wanatembea karibu na watu kabisa, unawapiga picha bila shida.

Sasa hao kulungu ndo wanaolisha kupe.

Kupe dada, hawahawa unaowajua kwenye ng'ombe, ila wa huku ukimkuta bado mchanga, hata punje ya ufuta ni kubwa kuliko yeye. Haruki wala hapai. Anapanda kwenye ncha ya jani au kijiti cha hicho kichaka, anashika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hewani anasubiri mguu upite. Mguu ukigusa tu kashahama. Halafu hang'ati palepale, anatembea juu anatafuta penye joto na ngozi laini, nyuma ya goti, kwenye kinena, kwapani, kitovuni, nyuma ya sikio, na kwa watoto sana sana kichwani penye mwanzo wa nywele. Anachoma bila kuuma, mtoto hasikii kitu. Sasa wewe unataka kumtandikia mkeka mlemle ndani, mtoto wa kaptula akae chini saa mbili nzima!

Sisi aliyetupeleka ni jamaa mmoja wa kikundi chetu cha WhatsApp, mratibu wa matembezi kajipa cheo mwenyewe, kila bank holiday, zile sikukuu za huku, anapanga safari. Akasema watoto waachieni wakimbie, wavue viatu wapate afya, hapa si kwetu hakuna mbu hakuna siafu. Watoto wakakimbia vichakani, tukala, tukarudi na magari usiku watoto wamelala, tukawabeba hivyohivyo mpaka kitandani bila kuoga. Kwenye mbao ya matangazo pale hifadhini kupe wameandikwa, lakini nani anasoma na kiongozi wa msafara keshasema hakuna kitu?

Binti yangu wa kati alikuwa kasukwa mistari. Kesho yake mchana namfumua nakuta kitu cheusi shingoni juu pale msuko unapoanzia, nikajua kigaga, nikikigusa kina miguu. Nikapiga picha nikatupa kwenye kikundi. Jamaa kwa kujiamini kabisa, voice note, "mpake mafuta ya mgando atakosa hewa atatoka mwenyewe, akikataa msogezee kiberiti". Sasa hicho ndicho usifanye KABISA. Ukimchoma au ukimpaka mafuta unamsumbua akiwa bado kang'ata, anaweza kutapikia ndani ya kidonda yale yaliyomo tumboni mwake, na wadudu wa ugonjwa wako humohumo. Ugonjwa wenyewe unaitwa Lyme, unaletwa na bakteria. Si kila kupe anao, wengi hawana kitu, lakini mwenye nao kadiri anavyokaa kwenye ngozi ndivyo hatari inavyopanda, kwa hiyo kila saa tuliyosubiri hayo mafuta yafanye kazi ilikuwa ya kumnufaisha kupe.

Wiki kadhaa zikapita tukasahau. Halafu pale shingoni likatokea doa. Na hapa naomba usome taratibu maana hii ndo iliyotugharimu kuliko vyote. Ukitafuta kwenye intaneti utaona picha za duara jekundu kwenye ngozi nyeupe, linang'aa, kipofu analiona. Kwa mwanangu halikuwa jekundu. Lilikuwa la rangi kama zambarau iliyoingia kahawia, ungedhani kagonga mahali, linaonekana vizuri ukiligeuzia dirishani tu, katikati pamefifia kidogo, na kila baada ya siku chache ukingo umesogea nje. Haliwashi, haliumi, halina magamba. Nikatupa picha tena kikundini, na yule yule bwana akajibu ndani ya dakika, "choa hiyo, nunua dawa ya fangasi". Wengine wakaunga mkono na vidole juu. Basi tukawa tunapaka dawa ya fangasi mtoto ana Lyme. Choa huwasha na hutoa magamba, hilo halikuwa na hata kimoja, na hakuna aliyeuliza!

Akaanza homa, kichwa, shingo inauma, shuleni wanapiga simu kalala juu ya meza. Daktari alipomwona aliuliza swali moja tu, mlitembea wapi hivi karibuni, nikasema Arne, akainuka akaja kuliangalia na tochi. Akanieleza kipimo cha damu mwanzoni kinaweza kusema hakuna kitu wakati upo, kwa hiyo wakiona doa la namna ile wanaanza dawa bila kusubiri. Antibaiotiki, dozi ya kawaida ni siku 21, na mtoto hataki ile ya maji kila siku vita. Shifti za kazini nikakosa, usiku silali namwangalia uso maana nilishasoma kwamba ukiuacha unaweza kupooza upande wa uso au kuingia kwenye viungo. Alipona, alhamdulillah, yuko fiti anaruka kamba. Jamaa wa kikundi mpaka leo hajasema pole, safari iliyofuata akaandika tena "hakuna wadudu", ndo nikajitoa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: JIONI ILEILE, kabla ya kulala, kila mtoto avuliwe akaguliwe kuanzia utosini, na ukimkuta kupe mtoe palepale na tarehe uiandike. Usiseme asubuhi. Usiseme wamechoka. Misuko unaipitia mstari kwa mstari kwa vidole na taa ya simu, nyuma ya masikio, ndani ya kitovu, na mama mkwe naye mumkague hata kama anaona aibu, mwanamke mwenzake amsaidie. Kibano chenye ncha nyembamba mnunue kabla hamjaondoka, famasi wanauza, mshike kupe karibu kabisa na ngozi si tumboni, vuta juu polepole bila kukatisha, paoshe. Tarehe ni kwa sababu doa huwa linatokea kati ya wiki 1 na 4, mara nyingine hata miezi 3, na ukifika kwa daktari na tarehe mkononi hakuzungushi. Kuna wanaoniita Mama Kupe siku hizi. Waniite tu, watoto wao nimeshawakagua wawili na mmoja nilimtoa kupe.

Kaptula basi, suruali ndefu ya rangi nyepesi iingizwe ndani ya soksi, watoto watalalamika picha haitapendeza, waambie wapigwe kuanzia kiunoni. Mtembee katikati ya njia, hivyo vichaka waviangalie kwa macho. Nyoka wapo, mwenye sumu ni mmoja tu Uingereza nzima, adder, akisikia miguu anakimbia, nyoka mimi hawaniumizi kichwa kabisa. Na hilo jiko la mkaa liacheni nyumbani, ni marufuku, Mei 2020 msitu wa Wareham hapo jirani uliungua siku kadhaa na zimamoto wakakuta mabaki ya hayohayo majiko ya kutupa. Mishkaki chomeni nyumbani mfunge kwenye foil.

Picha za lile doa ninazo bado, za siku ya kwanza mpaka lilipokuwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto. Ingia inbox nikutumie leo, muangalie wewe na mama mkwe kwa pamoja mjue linavyokaa kwenye ngozi yetu, na yule aliyekujibu hakuna wadudu mtumie pia.