Rimu ya diski kwenye breki za kubana

SWALI: Fundi, nina baiskeli ya mashindano ya mtumba, fremu ya alumini, breki za kubana rimu. Rimu ya nyuma imechoka. Muuzaji ananiambia nichukue rimu za kaboni za breki za diski, ni nyepesi na bei imeshuka, eti nitaendelea na breki zangu hizi hizi. Nakaa Limuru na kila Jumamosi nashuka hadi Mai Mahiu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Na huyo muuzaji mwulize yeye hushukia wapi.

Tangu baiskeli za diski zijae sokoni naletewa swali hili kila mara, na kila mara nakuta mtu ameshaambiwa kwamba rimu ni rimu. Si kweli. Rimu ya breki za kubana ina ukanda ubavuni uliochongwa bapa, sambamba pande zote mbili, na umeachiwa unene kwa sababu raba ya breki inaula kila unapofunga breki. Rimu ya diski haina ukanda huo. Kazi ya kusimamisha imehamia kwenye sahani ya chuma pale kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo ubavu umepunguzwa nyama, ukapindwa, ukapakwa rangi. Wepesi unaosifiwa unatoka hapo hapo.

Kaboni nayo inaongeza balaa. Alumini hutawanya joto haraka. Kaboni hulibakiza palepale raba inaposugua, na gundi inayoshika nyuzi zake hulainika. Hata rimu za kaboni zilizoundwa kwa breki za kubana, na raba zake maalumu, huteseka ukishika breki mteremko mzima. Wewe unataka kushuka Mai Mahiu na ya diski, nyuma ya malori? Nimeshaona fundi akikwangua rangi kwa msasa “ili raba ing'ate”. Alikuwa anakwangua ubavu wenyewe.

Tafuta rimu ya alumini ya breki za kubana, habu ibaki ile ile, na uhesabu matundu ya spoki kabla ya kulipa, yalingane na ya habu. Soma maandishi pia: DT Swiss R 460, kwa mfano, ilitoka kwa aina mbili, na yenye herufi “db” ni ya diski. Gurudumu zima la diski usiliguse. Habu yake ya nyuma kwa kawaida ina upana wa milimita 142, fremu kama yako hupokea 130, na wapo wanaoipanua fremu kwa mabavu. Alumini haivumilii kama chuma; hupasuka.

Ila wengi hawafiki hata kwenye kuchagua rimu. Wanaendesha iliyokonda mpaka presha ya tairi yenyewe inafungua ubavu. Weka rula juu ya ukanda: mwanga ukipita katikati, umeliwa. Rimu nyingi zina kitundu au mfereji mdogo wa alama. Ukifutika, rimu imekwisha, hata kama inazunguka bila kuyumba. Pima na ya mbele, maana kwenye mteremko ndiyo inayobeba breki kubwa.