Dada, mlisafirije wakati wa korona?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, dada. Binti yangu amemaliza shule na anataka kujitolea mwaka mzima kwenye timu ya vijana wamisionari, zile zinazozunguka parokia hadi parokia kuendesha mafungo ya vijana. Toleo lililopita uligusia kwamba ulikuwa kwenye timu kama hiyo wakati wa UVIKO-19. Nilishtuka. Watu wamejifungia ndani, nyinyi mnalala kwenye nyumba za watu? Nieleze mliishije, na kama hiyo haikuwa kuhatarisha watu kwa jina la Mungu. – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Milele amina, mama yangu. Wasiwasi wako ni wa haki, na usikubali mtu akuambie kuwa ni upungufu wa imani. Swali hilohilo tulikuwa tukiulizana ndani ya gari.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo anayoiendea binti yako. Timu ni vijana wachache, wa kike na wa kiume. Wanapewa mafunzo, wanapakia vyombo vya muziki kwenye gari, kisha ni barabara: leo parokia hii, kesho shule ile. Mafungo ya siku moja kwa watoto wa Kipaimara yana nyimbo, michezo, igizo, ushuhuda, vikundi vidogo, kitubio na kuabudu Ekaristi. Jioni mnagawanywa kwa familia za waamini mkalale. Shirika la NET Ministries la Marekani limekuwa likituma timu za namna hii tangu 1981, na yapo mengine yenye utaratibu unaofanana na huo.

Sasa tazama korona inagusa wapi hapo. Inagusa kila mahali. Kuimba kwa sauti ndani ya ukumbi, kukaa duara magoti yakikaribiana, kubadilisha nyumba kila baada ya siku chache. Virusi vile viliweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili kutokea, na mtu aliweza kuambukiza hata kabla hajakohoa. Timu ingeweza kuutoa ugonjwa parokia moja na kuufikisha nyingine bila kujua. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili ni janga la dunia, wengi waliona utume wa aina hii umekwisha. Mimi niliingia msimu uliofuata, nikijua ninachokiendea.

Kilichofanya iwezekane ni uamuzi mmoja: timu ilihesabiwa kuwa kaya moja. Tulikula pamoja, tulisali pamoja bila barakoa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumtembelea rafiki, hata kama anaishi nyuma ya parokia tuliyopo. Akiumwa mmoja, tunajitenga wote. Nje ya kaya hiyo, barakoa haikutoka usoni, na gari lilikwenda na madirisha wazi hata kwenye baridi. Kulala kwa familia kulipungua sana. Mara nyingi tulilala kwenye nyumba za mafungo au kumbi za parokia, kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni.

Pale tulipopokelewa na familia, tulikuwa na sharti ambalo mpaka leo nalitetea: mwenyeji ana haki ya kukataa bila kutoa sababu, hata dakika ya mwisho, hata tukiwa tumeshafika mlangoni. Watu wa kanisani wanaona aibu kumnyima mmisionari malazi. Mzee mwenye kisukari atakwambia karibuni, kumbe moyoni anaogopa. Kwa hiyo ni sisi tuliopaswa kumwondolea aibu hiyo. Tulipokataliwa tulishukuru, na tulimaanisha. Parokia ikiahirisha mafungo kwa ajili ya wazee wake, hiyo nayo niliihesabu kuwa kazi ya utume, ingawa ilituuma.

Tulikuwa na igizo la mwana mpotevu. Kabla ya korona, lilikuwa igizo la kawaida tu. Watoto walilicheka katikati na kupiga makofi mwishoni. Msimu ule vijana walikaa kwenye viti vilivyotenganishwa mita mbili, kila mmoja na barakoa yake. Sisi, kwa kuwa ni kaya moja, tuliruhusiwa kugusana. Baba akatoka mbio, akamkumbatia mwanawe akamkazia. Ukumbi ukanyamaza. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia kwa sauti, na baadaye kwenye kikundi akasema hakuna mtu aliyemkumbatia tangu bibi yake alipofariki, kwa sababu hata mazishini walikatazwa kukaribiana. Sikuwa na la kumjibu. Mwenzangu wa timu alimwomba asimulie bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, na kikundi kizima kikamsikiliza mpaka kengele ya kuabudu ikalia. Mama, ungeniuliza kwa nini tulisafiri, ningekuonyesha mtoto yule.

Na tuliugua pia. Kaka mmoja alinusa sabuni asubuhi akasema haina harufu, na siku hiyohiyo mafungo ya wiki mbili yakafutwa. Yeye akafungiwa chumba cha mwisho, sisi tukabaki vyumba vingine vya nyumba ileile. Waamini walileta chakula, wakakiweka kizingitini, wakabisha hodi na kurudi nyuma. Jioni tulibeba viti tukakaa mbele ya mlango wake kusali Masifu, ile sala ya zaburi ya jioni. Unajua zaburi husaliwa kwa kupokezana, upande huu ubeti mmoja, upande ule mwingine. Sisi wa nje tulikuwa upande mmoja, yeye peke yake ndani akawa upande wa pili. Siku za mwanzo sauti yake ilikatika kwa kikohozi na tulingoja mpaka amalize ubeti. Hatukumsalia ubeti wake.

Nisikupambie: kero zilikuwepo. Watu walewale, gari lilelile, hakuna pa kwenda kupumzisha akili. Tulikwaruzana kuhusu vyombo, kuhusu usingizi, kuhusu nani kashusha barakoa mbele ya nani. Tulikuwa na saa maalumu ya kusemezana na kuombana radhi kila wiki, na bila hiyo timu ingevunjika kabla ya Kwaresima. Binti yako akikubaliwa, hilo ndilo la kuuliza shirika kabla ya mengine: mkigombana mnafanyaje? Kisha uliza akiugua atalala wapi, nani atamlipia matibabu, na kama anaweza kurudi nyumbani katikati ya mwaka bila kuonekana msaliti. Shirika lililo makini litakujibu bila kuchukia.

SWALI: Mimi ni mlezi wa vijana. Wakati wa janga tuliendesha mafungo kwa mtandao na mpaka sasa baadhi ya wazazi wanataka tuendelee hivyo kwa sababu ni rahisi. Unasemaje?

JIBU: Rudini ukumbini. Barua ya Kardinali Robert Sarah, aliyekuwa wakati huo mkuu wa idara ya Vatikani inayosimamia liturujia, ya tarehe 15 Agosti 2020 ilisema wazi kwamba hakuna matangazo ya Misa ya kurushwa hewani yanayoweza kulingana na kushiriki Misa ana kwa ana, na kwa mafungo ya vijana nimeona jambo hilohilo. Vijana walikuwa wameshinda mbele ya skrini kwa masomo ya shule; tulipowaita tena jioni walizima kamera, tukabaki tunahubiria majina yao.

Lakini mtandao usiutupe wote. Kwa mgonjwa au anayeishi mbali bado ni msaada, na kilichofaa kilikuwa kifupi: kikundi cha watano, kila mmoja anaitwa kwa jina, kipindi hakizidi dakika arobaini. Kuna picha moja ya video iliyofanya kazi kuliko mahubiri yangu yote, ile ya Papa Fransisko tarehe 27 Machi 2020, peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, Injili ikiwa ni ya wanafunzi kwenye mtumbwi na dhoruba. Tuliwaonyesha bila maelezo, kisha tukawauliza: wewe ungemwambia nini Yesu aliyelala? Hapo kamera ziliwashwa.

SWALI: Mkiwa karantini mliungamaje? Kwa simu?

JIBU: Hapana. Kanisa halitoi maondoleo kwa simu. Tarehe 20 Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mambo ya kitubio, ilikumbusha kwamba asiyeweza kabisa kumpata padre, akitubu kwa upendo wa Mungu kupita vyote, akaomba msamaha kwa dhati na kuazimia kwenda kuungama mara tu itakapowezekana, husamehewa hata dhambi za mauti. Hilo azimio ni la kweli, si la maneno tu: siku kaka yetu alipopona, kituo cha kwanza kilikuwa kwa paroko, aliyekuwa akiungamisha nje, chini ya mti, viti viwili vikiwa mbalimbali na watu wamezuiwa kupita karibu ili anayeungama asisikike. Kama wewe nawe umekaa muda mrefu bila kuungama tangu wakati ule, mpigie paroko wako umuulize saa anayopatikana.