Wasifu wa askari kijana: andikeni yale ambayo jeshi haliyajui

Kijana wa miaka 24 akifariki akiwa JWTZ, wasifu wake kwa kawaida husomwa mara mbili. Afisa kutoka kikosini husoma wa kijeshi: namba ya utumishi, tarehe ya kuandikishwa, kozi, vyeo, medali. Kisha familia huitwa kusoma wa kwake, na hapo ndipo mambo huharibika. Msomaji anarudia yaleyale: akaenda JKT Mafinga, akaajiriwa, akapandishwa kuwa koplo. Miaka 19 aliyoishi kabla ya kuvaa kombati inaishia kwenye sentensi mbili.

Sehemu ya jeshi waachieni jeshi. Ninyi mna dakika 5 hivi, na kwa mtu anayesoma huku koo limembana, hizo ni kama maneno 500. Kuzaliwa, wazazi na shule visizidi maneno 80. Yaliyobaki yote yawe yeye mwenyewe.

Kusanyeni habari siku za matanga, maana ndipo watu wote wako uani. Tafuteni wanne: aliyemlea, rafiki wa shule, mwenzake wa kombania, na mke au mchumba. Msiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa kuwa alikuwa mcheshi na mwenye upendo, maneno yanayosemwa juu ya kila marehemu. Ulizeni mambo yanayoshikika. Mshahara wa kwanza alinunua nini? Akirudi likizo, mguu wa kwanza alikuwa anaelekea wapi? Kikosini walimpa jina gani la utani, na kwa nini? Kwenye mchakamchaka chenja gani, yaani wimbo wa kukimbilia, ilikuwa yake? "Alikuwa mchapakazi" halibaki kichwani mwa mtu. "Kila likizo alitengeneza kwanza paa la jiko la bibi, ndipo akaenda kusalimia kijiweni" linabaki. Na kama ameacha mtoto mchanga, mwandikieni huyo. Atakuja kuisoma karatasi hiyo akiwa kidato cha pili, akitafuta baba yake ndani yake.

Rasimu ikikamilika, mpeni afisa aliyetumwa na kikosi aipitie kabla ya ibada. Wenzake huenda bado wako kulekule alikofia; jina la kituo, idadi yao au njia wanayopita havitakiwi kusomwa kwenye kipaza sauti huku simu 50 zinarekodi. Namna alivyokufa itajwe kwa sentensi moja iliyothibitishwa. Kama ilikuwa malaria au ajali ya gari, semeni hivyo. Kuigeuza kuwa vita ni kumnyima ukweli wake, na utumishi wake haupungui kwa kufia hospitali.

Majina nayo yahakikini mapema. Vijana wengi wana jina la nyumbani na jina la vyeti, na herufi moja ikikosewa kwenye fomu huhamia msalabani, kwenye mafao, hata kwenye medali. Anayefia kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, kama walivyofia Watanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, hutunukiwa Medali ya Dag Hammarskjöld, na jina lake huchorwa juu yake. Kwenye kaburi andikeni majina yote mawili, la nyumbani na la vyeti. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina hata moja la wale askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza iliowekwa kuwakumbuka, na wajukuu wao wengi hawajui pa kuanzia kuwatafuta.

Kwa familia za Kiislamu mazishi hayangoji, na wasifu mrefu makaburini si mahali pake. Usomeni kwenye hitima ya arobaini. Mtakuwa pia mmepata muda wa kuuliza vizuri.

Sasa simu yake. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu sauti ya kijana wa leo iko humo. Msimpe mdogo wake aitumie. Msibahatishe namba ya siri, kwani simu nyingine zimewekwa zijifute baada ya kukosea mara 10. Msihamishie laini kwenye simu nyingine na kufungua WhatsApp, maana akaunti itatoka kwenye ile ya zamani. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, kwa hiyo fanyeni kazi ndani ya wiki za mwanzo: kama namba ya siri inajulikana, unganisheni simu na kompyuta kwa waya na, kama ni ya Android, mnakili folda nzima ya WhatsApp, pamoja na ile ya ujumbe wa sauti. Kama haijulikani, sauti zile bado ziko kwenye simu za wale aliowatumia. Waombeni leo, kabla hawajafuta kupunguza nafasi. Picha waombeni wazitume kama faili, kwa kuwa zikitumwa kama picha ya kawaida hupungua ubora. Wekeni nakala kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti, na kila faili ipewe jina, tarehe na mtu aliyetumiwa.

Kaburi lisijengewe haraka. Udongo mpya hudidimia, na marumaru ikiwekwa kabla masika moja haijapita hupasuka katikati. Kwa sasa msalaba wa mbao au kibao vinatosha. Baadaye chagueni herufi za kuchongwa. Za rangi jua huzila.

Wengine huwasha mshumaa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinapowekwa kwenye mnara. Ni vizuri. Lakini siku yake ya kuzaliwa pia ni yake, na siku hiyo mama yake huwa peke yake na simu isiyolia. Mpigieni asubuhi, kabla ya saa tatu.