Baka la bluu usoni, kila kliniki na leza yake

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 23, nimezaliwa na baka upande wa kushoto wa uso, linaanzia chini ya jicho mpaka shavuni, rangi yake kama bluu ya kijivu hivi, hata weupe wa jicho lenyewe una kivuli. Tangu niko primary nalaza nywele upande huo, na picha napiga upande wa kulia tu. Kliniki moja wameniambia leza ya aleksandriti, nyingine Nd:YAG, ya tatu wanasema hizo zote zimepitwa na wakati, nifanye ya piko. Mimi ni mweusi haswa, naogopa nisije nikatoka na alama mbaya zaidi. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hapo kwenye picha za upande mmoja nilisimama kidogo kabla sijaendelea kusoma.

Hao watatu wamekutajia mashine, ila sijaona ulipoandika kwamba kuna aliyekaa akakuambia hilo baka ni la aina gani. Kwa ulivyolieleza linafanana sana na baka la Ota, limepewa jina la daktari Mjapani aliyelieleza mwaka 1939. Seli zinazotengeneza rangi zimekaa ndani zaidi kwenye ngozi, ndo maana linaonekana bluu wakati rangi yenyewe ni ya kahawia, ni kama mshipa wa mkononi unavyoonekana bluu. Krimu hazifiki huko, usijichubue bure. Habari njema ni kwamba katika mabaka ya rangi, hili ni moja ya yanayoitikia leza vizuri. Yale ya kahawia kama chai ya maziwa yapo juujuu lakini ni sumbufu, yanafifia halafu miezi kadhaa baadae yanarudi, na yale yaliyoinuka yenye nywele hayo hata usiyapeleke kwenye leza kabla daktari wa ngozi hajayakagua.

Sasa mashine. Zote zinapiga mwanga wa kufumba na kufumbua, rangi inaunyonya inapasuka vipande vidogo, halafu mwili wenyewe unasafisha taratibu, kwahiyo unarudia mara kadhaa na kati ya mara moja na nyingine unasubiri kama miezi 2 au 3. Tofauti ipo kwenye urefu wa wimbi la mwanga: rubi (leza nyingine ya aina hiyo) nanomita 694, aleksandriti 755, Nd:YAG 1064. Mawimbi mafupi yananyonywa sana na melanini, ile rangi ya ngozi, na wewe melanini unayo nyingi juu pia, kwahiyo mwanga unaishia njiani unaunguza ngozi ya juu na hapo ndo yanapotoka madoa meupe au weusi mpya. 1064 inapita juu bila kusumbua sana, inazama kule baka lilipo. Kwa ngozi yako mimi ningeanza na hiyo.

Na hio piko isikuchanganye! Piko inakuambia mwanga unadumu muda gani tu, mfupi kuliko wa leza za nano, zile za kawaida, haikuambii ni wimbi gani. Ni teknolojia nzuri kweli, wengine wanahitaji kurudia mara chache zaidi, ila kuna piko ya 755 na kuna ya 1064, kwahiyo waulize namba. Akishindwa kuitaja, ondoka.

Waombe pia wajaribu kasehemu kadogo pembeni mwa baka kwanza, msubiri wiki 4 mpaka 8 muone. Kila pigo utalisikia kama mpira wa pesa umekufyatua, na kwa kuwa ni karibu na jicho lazima uwekewe kinga ya chuma chini ya kope baada ya ganzi ya matone, miwani peke yake haitoshi. Baada ya hapo jua ulikwepe, sanskrini kila siku.

Ila kabla ya yote hayo, wiki hii hii, nenda kwa daktari wa macho. Hicho kivuli kwenye weupe wa jicho ndo kimenishtua kuliko baka, maana Ota ikigusa jicho inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya bila maumivu. Wakishapima niandikie wamekuta ngapi.