Nilichoma CD Mwanjelwa miaka sita, ngoja nikujibu mimi

Kamwene mkuu wa Mafinga.

Umeuliza swali la maana, watu wamekujibu kwa neno moja moja. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa kanunua gari kuukuu lenye redio ya CD na tundu la USB, kila wiki anatoka Mafinga na mbao kuja Mbeya, ametenga elfu kumi kwa mwezi kwa ajili ya muziki, anataka kujua anunue CD, anunue nyimbo za kupakua au alipie aplikesheni. Anapenda kwaya na dansi la zamani. Halafu akamalizia kwamba angependa hela yake imfikie aliyeimba. Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichoniamsha, maana mimi miaka sita nilikula hela ya walioimba.

Kuanzia 2007 hadi 2013 nilikuwa na kibanda Mwanjelwa, hapa Mbeya, cha kuchoma CD, yaani kunakili nyimbo kwenye CD tupu. Meza moja, kompyuta ya mezani niliyoivua ubavu ili ipoe, spika mbili zimetazama barabarani, na mnara wa CD tupu hamsini. Mteja anakuja na karatasi aliyoandikiwa na mtoto wake, nyimbo kumi na tano, nusu hazina majina: "ule wa yule dada anayelia mwishoni." Unaupata tu, kazi ilikuwa hiyo. CD ya kawaida inabeba dakika 80, sawa na nyimbo kumi na nane hadi ishirini. Ukiichoma kwa MP3, yaani faili za muziki zilizobanwa, CD hiyo hiyo ya megabaiti 700 inabeba nyimbo 150 na zaidi, ila deki yake isiposoma MP3 anakurudia kesho na matusi. Nikajifunza kuuliza kwanza deki ni ya aina gani. Nikajifunza pia kuchoma taratibu, kwa sababu nikikimbiza mashine, redio za magari ya zamani zilikuwa zinaitema ile CD.

Kisha zikaja simu za memori kadi. Mtu anakuletea kitu kidogo kama ukucha, unamjazia gigabaiti mbili kwa buku mbili. Nyimbo mia tano kwa bei ya wali maharage! Na huku mwaka 2010 Mbeya Mjini tulimpeleka Sugu bungeni, msanii mwenzetu, mtu aliyekuwa anapigania haki za wasanii waziwazi. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nikarudi kibandani kuendelea kuuza nyimbo zake bila kumpa senti.

Kuna mama mmoja sijawahi kumsahau. Ilikuwa Juni, baridi ile ya kuvaa sweta mbili. Ameshuka kwenye Coaster ya Tukuyu, kitenge, sweta la bluu, mkungu wa ndizi ameuegemeza kwenye meza yangu. "Mwanangu, unayo kwaya yetu ya Moravian?" akataja usharika. Ninayo mama, albamu nzima buku. Nikaiweka. Akasikiliza amesimama, mkono juu ya meza. Kiitikio kilipofika akaimba sauti ya pili kwa chini sana, nami nikasikia sauti ile ile inatoka kwenye spika.

"Hapo tuko watatu," akasema. "Mmoja ameshatangulia. Ndiye namtafuta."

Nikamuuliza kwani wao hawana nakala. Kumbe waliuza mahindi wakalipa studio, kaseti na CD zao zikaisha, na masta, ile rekodi mama, ikabaki kwa msambazaji ambaye hakupokea tena simu. Akaniuliza kwa siku nauza ngapi za kwaya yao. Nikasema mbili, tatu. Uongo, wiki ile zilikuwa zimepita thelathini. Nilikataa hela yake, akaisukumia chini ya kibodi, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, akabeba ndizi zake akaondoka.

Nisikudanganye kwamba nilifunga kibanda siku hiyo. Nilifunga mwaka uliofuata, na sababu ilikuwa biashara kufa. Sasa hivi nauza spea Uyole. Basi ninayokuandikia ni mambo niliyoyaona nikiwa upande ule wa meza, na baadaye nilipoanza kununua muziki kwa hela yangu.

Tuanze na CD, kwa kuwa redio yako inazipokea. Kuna CD mbili watu wanazichanganya. Ya kiwandani imegandamizwa: vishimo vya muziki viko kwenye plastiki yenyewe. Ya kuchoma, kama zangu, ina tabaka la rangi ambalo leza inaliunguza kuweka alama. Rangi hiyo haipendi jua. Ukiiacha juu ya dashibodi gari limeegeshwa Makambako mchana kutwa, siku si nyingi itaanza kuruka, halafu itagoma kabisa. Kuzitofautisha ni rahisi: igeuze chini. Ya kiwandani ina fedha safi, ya kuchoma ina ukijani, ubluu au uzambarau kwa mbali. Zile za kwaya zilizopita njia halali kuanzia 2013 zilikuwa na stempu ya TRA kwenye kasha, ingawa stempu haikuambii kama aliyeimba alilipwa.

Jambo jingine ambalo wateja wangu hawakuliamini: wanalinda upande unaong'aa, kumbe upande wa maandishi ndio dhaifu. Tabaka linaloakisi mwanga liko juu, karibu kabisa na lebo, chini ya vanishi nyembamba. Mchubuko wa chini mara nyingi unaweza kusuguliwa ukatoka. Wa juu ukifika kwenye fedha, hapo muziki umeondoka. Kwa hiyo usiandike kwa kalamu ya ncha kali, wala usiibandue stika.

Leo CD halisi unaipata wapi? Nyanda za juu huku jibu ni moja: nje ya kanisa baada ya ibada, au siku ya tamasha la kwaya, pale mezani kwa mweka hazina. Siku hizi wengine wanakuuzia flashi imeshajazwa, ni sawa tu. Uzuri wa pale ni kwamba hela inatoka mkononi mwako inaingia kwenye boksi la kwaya, hakuna mtu wa katikati. Ukifika nyumbani, kabla hujaicheza kwenye gari, inakili kwenye kompyuta. CD iweke kabatini, gari lipewe nakala. Barabara zetu na vumbi la mbao havina huruma.

Nyimbo za kupakua ndiyo njia ninayoipenda mimi, na ndiyo iliyonipiga vibaya zaidi. Kulikuwa na duka moja la mtandaoni hapa hapa nchini, unalipa kwa simu, unapakua. Nikaona sasa nimeokoka, nanunua kihalali. Nikanunua nyimbo kumi na kitu, nikazisikiliza kwenye simu, simu ikaibiwa stendi. Nikarudi dukani kupakua upya: ukurasa haupo, namba ya msaada haipatikani. Nililia kama nimeibiwa mara mbili. Kosa la duka ni lao, ila na mimi nilikuwa mzembe, kwa sababu faili likishakuwa langu kazi ya kulitunza ni yangu. Siku hizi kila ninachonunua nakiweka sehemu mbili siku ile ile: kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa kabatini, ambayo haitoki nyumbani.

Maduka ya nje yana historia yake. iTunes ilipofunguliwa 2003 wimbo uliuzwa senti 99 za dola na faili lilikuja na kufuli, hulichezi popote unapotaka. Kufuli hizo ziliondolewa 2009. Leo ukipakua kwa kununua, kwa kawaida unapata faili huru. Bandcamp ndiyo ninayoitumia zaidi: inakata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua, pamoja na gharama za malipo, inayobaki inakwenda kwa msanii au lebo yake. Na inakuruhusu kuchagua MP3 au FLAC, faili kubwa lisilopunguza ubora. Utahitaji kadi ya benki au ya mtandaoni. Ukitafuta singeli utaikuta kule, Nyege Nyege Tapes wa Kampala wanaiuza, lakini kwaya ya Makete usitegemee.

Sasa faili lenyewe. MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde, ndiyo namba ya ubora) inakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Ya 320 inakula mbili na nusu hivi. Kwa gari lenye spika za kawaida na injini inayounguruma mlimani, 192 inatosha kabisa, usije ukagombana na mkeo kwa sababu ya FLAC. Unachotakiwa kuogopa ni 320 ya uongo, na hapa nakiri: tulikuwa tunaitengeneza wenyewe. Unachukua faili la 128, unaligeuza kuwa 320, linanenepa, mteja anafurahi kuona namba. Ni kuongeza maji kwenye togwa; chombo kimejaa, utamu uko pale pale. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili kwa programu ya bure inaitwa Spek. Ukiona sauti zote zimekatwa kama kwa panga karibu na kilohezi 16, hiyo ilikuwa 128, hata iandikwe nini.

Na zile tovuti za kupakua bure ambazo kila jina la wimbo limefuatiwa na jina la tovuti, hizo ni kibanda changu kimehamia mtandaoni. Sina zaidi ya kusema.

Aplikesheni. Sizipingi, nina moja. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021, kabla yake watu walishazoea Boomplay, Audiomack na YouTube. Kwa kugundua muziki hazina mpinzani. Nimekutana na dansi la Vijana Jazz na Maquis ambalo Mwanjelwa sikuwahi kulipata. Lakini piga hesabu ya safari yako. Kusikiliza moja kwa moja kwa ubora wa 160 ni megabaiti 72 kwa saa. Safari ya saa tano ni 360, ukipandisha 320 ni 720. Kwenda na kurudi kila wiki, bando litakugharimu kuliko aplikesheni yenyewe, na bado mtandao unakuja na kuondoka njiani, wimbo unakatika katikati ya kiitikio. Dawa yake ni kushusha nyimbo nyumbani kabla hujaondoka. Spotify ya kulipia inaruhusu hadi nyimbo 10,000 kwa kifaa, mradi uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Usipolipa mwezi mmoja, zile ulizoshusha hazipigi. Na albamu inaweza kuondolewa kule juu bila wewe kuulizwa. Mimi ilinitokea: orodha niliyoitengeneza kwa ajili ya sendoff ya dada yangu, siku yenyewe nyimbo nne zimegeuka kijivu. MC akaziba kwa vichekesho.

Sasa hela ya aliyeimba. Wengi wanadhani wakisikiliza kwaya moja mwezi mzima, malipo yao yanakwenda kwa kwaya hiyo. Sivyo. Hela zote zinatupwa chungu kimoja, kisha zinagawanywa kulingana na nani kasikilizwa mara nyingi zaidi kwa ujumla. Sehemu kubwa ya malipo yako itakwenda kwa watu usiowasikiliza. Tena tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 kwa miezi 12. Kwa staa wa Dar mara elfu moja ni dakika chache. Kwaya ya kijijini Rungwe yenye nyimbo nane, kila wimbo ukisikilizwa mara mia sita, inapata sifuri.

Dansi la zamani nalo lina shida yake. Bendi nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania, tepu zikabaki maktaba, na kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha santuri hapa nchini, zilizotolewa zilitengenezwa Nairobi. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazozunguka ni za kurekodi redioni kwa kaseti, zina mkwaruzo. Ukikuta mkusanyiko uliosafishwa unauzwa, nunua, usisubiri.

Kwa elfu kumi yako mimi ningefanya hivi. Mwezi wa kwanza flashi nzuri ya GB 16, ifomati kwa FAT32 maana redio nyingi za gari hazisomi aina nyingine, folda zisiwe ndani ya folda ndani ya folda. Baada ya hapo lipia aplikesheni mwezi mmoja, andika kwenye daftari nyimbo zilizokugusa, miezi miwili inayofuata usilipie, hela yote nunua zile za kwenye daftari. Kwaya nunua kwao kwa mkono.

Ukipita Uyole niulizie kwenye maduka ya spea, tunywe chai. Ya yule mama ninayo mpaka leo, nitakupigia uisikie ile sauti ya pili. Ila usije na flashi tupu ukategemea nikunakilie. Nitakuelekeza usharika wao, walisharekodi upya, nauli ya Tukuyu siyo kubwa.