Majumba ya kale Uingereza: nimpeleke mama wapi?

SWALI: Salaam aleikum mhariri, mwezi wa tano nampeleka mamangu kwa ndugu yangu Bristol, na mama yeye mambo ya shopping hana, ataka maua na yale majumba ya matajiri wa zamani, sasa tuanzie wapi manake magoti yamsumbua? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nendeni Stourhead, Wiltshire, si mbali na Bristol. Ile bustani ilianzwa miaka ya 1740 na Henry Hoare wa ukoo wa wenye benki, akaziba maji mpaka pakawa ziwa, halafu akazungusha mahekalu kama ya Roma ya kale, na Mei miti ya maua ya rododendroni huwa imewaka, mama atafurahi sana tu. Ila njia ina vilima, kwa hivyo pigeni simu kabla muulize habari ya kiti cha magurudumu.

Yatunzwa na National Trust, shirika la kutunza majumba na bustani za kale, ilioanza 1895, na mwanachama aingia bure, basi kama mwataka kuona sehemu kadhaa pigeni hesabu ya uanachama. Angalieni saa pia, nyumba yenyewe mara nyingi hufungwa mapema kuliko bustani.

Na popote mwendapo ulizeni pesa zilitoka wapi. Harewood, nyumba nyingine ya kifahari karibu na Leeds, ilijengwa kwa utajiri wa sukari na utumwa wa Karibiani, na mimi naona ni haki yetu kulijua hilo tukiwa twasifu dari na mazulia.

Sweta msisahau, Mei kule bado baridi.